UZI: Kufufua kichwa cha gia cha metali kilichochakaa, nyumbani, bila kukimaliza

MsasaMaji
Wazee na mafundi, hamjambo. Uzi huu ni wa vichwa vya gia vya metali (kile kifundo unachokishika juu ya liva) kwenye magari ya gia za mkono. Otomatiki zenye kitufe ubavuni zina kijiti ndani ya liva na kuzifungua ni habari nyingine kabisa, tusizichanganye hapa.

Kabla hujagusa msasa, jua umeshika metali gani. Makosa makubwa yote huanzia hapo: kromu inasuguliwa kama alumini, zinki inalowekwa kwenye dawa ya shaba, halafu lawama anabebeshwa muuza msasa.

Anza na sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Ikinasa kwa nguvu, una chuma, pengine chenye kromu juu. Isiponasa inaweza kuwa alumini, zinki ya kumimina, shaba ya njano, stenlesi, au mara chache titani. Hapo macho hayatoshi. Chukua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Pima kichwa kikiwa kikavu, andika. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe sifuri, ning'iniza kichwa kwa uzi mpaka kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Tundu la hesi (lile lenye nyuzi za skrubu) litazame juu ili hewa itoke. Gramu utakazosoma ndizo sentimita za ujazo za kichwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Mfano: gramu 119 kugawa kwa 44 ni 2.7, hiyo ni alumini. 4.5 ni titani. 6.6 au 6.7 ni zinki. 7.8 hadi 8 ni chuma au stenlesi, na sumaku imeshakuambia ipi ni ipi. 8.5 hivi ni shaba ya njano. Ukipata 1 na kitu, hiyo ni plastiki iliyovishwa kromu. Weka msasa chini, kioshe kwa sabuni, mchezo umeisha. Kichwa chenye kiini cha plastiki ndani kitatoa jibu la katikati, kwa hiyo chungulia tundu kwanza.

Kufungua: wengi huzungusha tu kinyume cha saa. Kabla ya kutumia nguvu, inua ngozi iliyo chini uone kama kuna nati ya kubana, na zungusha kichwa ukitafuta kiskrubu kidogo cha alenki ubavuni (mara nyingi mm 2 au 2.5). Kikigoma, zungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ushike kwa mikono miwili. Kama kiwandani walitia gundi ya hesi, funika kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto sana dakika tano, rudia mara mbili tatu. Moto wa gesi hapana: chini kuna ngozi, plastiki na bushi za liva. Usibane kichwa kwa pulaya tupu pia, meno yake yanaacha alama ambazo msasa wa 240 utazihangaikia saa nzima.

Baadhi ya Subaru zina pete ya kuvuta juu ili uingize rivasi. Chini yake kuna springi. Fungua taratibu, mkono mmoja ukiwa juu yake.

Sehemu ya kusugua naileta jioni.

mkono_kushoto
Swali moja kabla hujaendelea fundi. Kwa nini upande mmoja wa kichwa huchakaa kuliko mwingine? Changu kina mistari mingi upande wa kulia tu, kwingine kipo safi.

Ndeeba_Spea
Usukani wetu uko kulia, gia unaishika kwa mkono wa kushoto, na pete ya ndoa iko mkono huo huo. Dhahabu yenyewe ni laini, ila pete zenye kijiwe au za stenlesi zinakata alumini vizuri sana. Ongeza jasho na vumbi la murramu. Wekundu wa murramu ni oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma ikisagwa laini kabisa ndiyo poda ya sonara ya kung'arishia. Shida ni kwamba murramu ina chembe za kwatzi ndani yake, na hizo ni ngumu kuliko metali yoyote uliyoitaja hapo juu isipokuwa kromu yenyewe. Kila ukibadilisha gia na kiganja chenye vumbi unapiga msasa bila kujua.

Na jasho lina chumvi. Alumini iliyoachwa na chumvi hutoa madoa meupe yenye vishimo. Vishimo hivyo havifutiki kwa king'arisho, lazima ushushe uso mzima mpaka ufikie kina chake.

MsasaMaji
Ndeeba kamaliza. Sasa kusugua. Hapa naongelea alumini tupu, shaba, stenlesi na chuma kisicho na kromu.

Osha kwanza: maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mzee, kisha futa kwa spiriti. Mafuta ya mkono yakibaki yanaziba msasa. Usitumie waya wa kusugulia masufuria kwenye alumini. Vipande vyake vidogo vya chuma hujichomeka kwenye alumini na baada ya wiki mbili unaona vidoti vya kutu kwenye metali isiyo na kutu, unabaki kushangaa.

Msasa unaotaka ni wa maji, ule mweusi wa wapaka rangi za magari, si ule wa kahawia wa seremala. Ukiwa Kampala, maduka ya rangi za magari Kisekka na Ndeeba wanauuza karatasi moja moja. Karatasi nzima ikatwe vipande sita. Kichwa kimoja kinakula kipande kimoja cha kila namba, viwili vya namba ya kwanza.

Mfuatano (namba ikikua, punje ni laini zaidi): 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Vishimo virefu vikiwepo anza na 240. Mikwaruzo myepesi tu, anza na 600, usijitie kazi ya bure. Weka tone la sabuni kwenye maji. Sugua kwa mwelekeo mmoja, na kila ukibadilisha namba geuza mwelekeo uwe msalaba na wa kwanza. Hapo utaona wazi mistari ya namba iliyopita inavyopotea. Usihamie namba mpya hadi mistari yote ya zamani iishe. Kausha kichwa, mulika tochi ya simu kutoka pembeni, si kutoka juu. Mistari inayojificha kwenye mwanga wa juu huonekana kwenye mwanga wa ubavu. Suuza kichwa na ubadili maji kila namba, maana punje moja ya 320 iliyobaki kwenye ndoo inakurudisha mwanzo ukiwa 1500.

Kosa ninaloliona kwenye picha nyingi: uso unang'aa kama kioo lakini chini yake kuna mistari mirefu. Huyo aliruka kutoka 320 hadi 1000. King'arisho hakiwezi kuondoa mistari ya 320 hata ukisugua hadi Pasaka.

Corolla_Tororo
Mimi ningependa kutumia drili. Je, nifunge kichwa kwenye bolti?

MkerezajiKatwe
Ndiyo, na hapo ndipo saizi za hesi zinawachanganya watu, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Toyota nyingi za gia za mkono zina M12x1.25, yaani kipenyo mm 12, na mm 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Honda ni M10x1.5. Nissan na Mazda M10x1.25. Subaru M12x1.25. Usichukue hii kama sheria, pima liva yako: kipenyo cha nje kwa kalipa, halafu weka rula kwenye hesi. Nyuzi 8 ndani ya mm 10 ni 1.25. Nyuzi 10 ndani ya mm 15 ni 1.5.

Bolti ya M10 ya duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5, kwa hiyo mwenye Honda hana shida. Bolti ya M12 ya duka hilo hilo ni 1.75, ukiilazimisha kwenye kichwa cha Toyota unakata hesi mpya na kuua ya zamani. Dawa: stadi ya tairi (bolti inayoshikilia tairi) ya Nissan, Subaru au Suzuki ni M12x1.25, inaingia kwenye kichwa cha Toyota kama imezaliwa nacho. Stadi ya Toyota yenyewe ni M12x1.5, hiyo usiiguse. Kwa M10x1.25 tafuta bolti ya gari la Kijapani yenye kichwa cha spana 14. Ya duka la ujenzi huwa spana 17 au 16. Stadi na bolti za mitumba zimejaa kwenye ndoo za wauza vipuri. Ijaribu kwa vidole, iingie yote bila kukwama.

Ukishaipata: pitisha nati kwenye bolti, ingiza bolti kwenye kichwa mizunguko sita angalau, rudisha nati ibane kwenye kichwa. Kata kichwa cha bolti, bana kwenye drili. M12 inahitaji drili ya mm 13. Ile ndogo ya mm 10 haishiki. Zungusha mbele tu. Kwa mwelekeo huo msuguano wa msasa unazidi kukaza hesi. Ukirudisha nyuma kichwa kinafunguka na kuruka. Mwendo mdogo, mizunguko 500 hadi 800 kwa dakika. Ukikimbiza, msasa unazibwa na alumini na unaanza kuchora mifereji.

Glovu za kitambaa VUA. Msasa ushike kama ukanda kwa ncha za vidole, usiuzungushe kwenye kidole. Kikinasa, ukanda uondoke, kidole kibaki.

Na usimalizie kwenye drili. Mistari ya mzunguko inabaki kama ya sahani ya santuri. Kuanzia 1000 toa kichwa, maliza kwa mkono.

Corolla_Tororo
Asante fundi. Stadi ya Subaru, nani angefikiria.

Afande_Arua
Mnazunguka sana. Kama alumini yako ina rangi (nyekundu, nyeusi, bluu) iliyotoka kwa mabaka, hiyo imefanyiwa anodaizi. Loweka kwenye kostiki soda dakika mbili, rangi yote inatoka, kazi imekwisha. Msasa wa nini?

MkerezajiKatwe
Afande, kwa heshima, dakika mbili hizo zinaweza kula herufi na hesi pia.

Ni kweli anodaizi ni ngumu, ni oksidi ya alumini, king'arisho kinateleza juu yake tu. Ni kweli pia kostiki soda inaiyeyusha. Lakini ikimaliza oksidi haisimami, inaanza kula alumini yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni. Hesi za ndani ni nyembamba, ndizo zinapungua kwanza, halafu kichwa kinaanza kucheza kwenye liva.

Afande_Arua
Ziba tundu basi. Bolti yenye grisi, au nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ndani. Nakubali nilipaswa kuandika hivyo mapema. Kipimo: gramu 50 kwa lita moja ya maji ya kawaida, si ya moto. Soda ndiyo iingie kwenye maji polepole, usimwage maji juu ya soda, yatachemka na kukurukia. Ndoo ya plastiki. Miwani na glovu za mpira, nje kwenye hewa, mbali na sigara na jiko la mkaa. Toa kila sekunde 30, suuza, tazama. Rangi ikishatoka usirudishe. Uso utabaki na weusi wa masizi, huo unatoka kwa msasa wa 600 na maji.

Soda yenyewe wanauza wanaouzia watengeneza sabuni.

MsasaMaji
Ongezeni hili kwa wino mwekundu: USITUMIE SUFURIA. Sufuria zetu nyingi ni alumini. Soda itakula sufuria na kichwa pamoja, na kupata moto wakati inakula. Zinki nayo inaliwa, kwa hiyo jibu la mizani likiwa 6.7 sahau hii njia.

Kwangu mimi, anodaizi kwenye kichwa cha mviringo kisicho na maandishi naiondoa kwa 320 kwa mkono, nusu saa. Kwenye kichwa chenye mikunjo na mifereji mingi, Afande ana hoja.

Kujua kama kuna anodaizi isiyo na rangi: tesita ya umeme kwenye mlio wa waya, gusa ncha mbili kwa wepesi juu ya uso. Ikilia, ni metali tupu. Isipolia kuna anodaizi au vanishi juu. Vanishi inalainika kwa thina, anodaizi haijali.

dada_wa_Mbale
Changu ni cha kromu, kimeanza kubanduka pembeni kama maganda, chini naona rangi ya shaba nyekundu kisha kijivu. Mizani inasema 6.5. Nisugue yote itoke ibaki hiyo kijivu?

Ndeeba_Spea
Usisugue dada. Una zinki ya kumimina yenye shaba, kisha nikeli, kisha kromu juu. Hiyo kromu ya urembo ni nyembamba kuliko maikroni moja, mwanga unaouona unatoka zaidi kwenye nikeli chini yake. Ukiitoboa huwezi kuirudisha kwa kung'arisha. Zinki tupu inang'aa siku tatu, halafu inafubaa na kuacha weusi kiganjani.

Una njia mbili. Kumpa mtu wa kuvisha kromu upya, na hiyo isifanywe nyumbani kwa namna yoyote, kemikali yake ni sumu ya saratani. Au kupaka rangi: ondoa maganda yote yaliyolegea, lainisha ukingo kwa 400 hadi kidole kisihisi ngazi, kwaruza kromu iliyobaki kwa 600 ili rangi ishike, futa kwa spiriti, praima ya kung'ata metali koti moja jepesi, rangi ya kupuliza koti tatu nyembamba zikipishana dakika 10 hadi 15. Halafu kiache wiki nzima kabla ya kukishika. Watu hukifunga siku ya pili na alama ya kidole gumba inabaki humo milele. Vanishi ngumu ya kuchanganya na hadna (kigumishi) ni bora kuliko ya kopo, ila mvuke wake una isosayaneti, unaharibu mapafu. Mpelekee mpuliza rangi mwenye kinyago cha hewa.

Kama kromu haijabanduka, ina vidoti vya kutu tu na sumaku inanasa, karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji inaondoa kutu bila kuchubua, kwa sababu alumini ni laini kuliko kromu.

mkono_kushoto
Nimefika 2000. Uso ni kijivu laini. King'arisho gani? Na majivu je? Nyumbani wanang'arishia masufuria.

MsasaMaji
Majivu yana magadi ndani, yanafubaza alumini, na punje zake hazilingani. Dawa ya meno inafanya kazi kwa uvivu sana. Kwa alumini na stenlesi tumia Autosol ya mrija, kiasi cha punje ya maharage kwa kichwa kizima. Kwa shaba Brasso inatosha. Kitambaa cha fulana kuukuu ya pamba. Sugua mpaka inakuwa nyeusi, endelea kidogo, kisha futa kwa kitambaa kingine kabla haijakauka. Usisubiri kitambaa kiache kuwa cheusi, alumini itatoa weusi mpaka kesho, ni metali yenyewe inayotoka. Mizunguko mitatu ya dakika tano tano inatosha.

Ndimu kwenye shaba: sawa kwa kuondoa ukijani, ila suuza ndani ya dakika moja. Ukiisahau asidi inakula zinki iliyo kwenye shaba, unabaki na mabaka ya rangi ya waridi.

Juu ya metali iliyong'arishwa sipendekezi vanishi. Mkono utaitoboa kwenye kilele kwanza, halafu una duara linalofubaa katikati ya duara linalong'aa, na kurekebisha lazima uitoe yote. Nta ya gari, koti jembamba, kila mwezi. Mnaopaki juani Gulu au Moroto, wekeni kitambaa juu ya kichwa. Metali tupu iliyokaa chini ya kioo cha mbele adhuhuri inachoma kweli.

dada_wa_Mbale
Nimeelewa, napaka rangi. Na namba za gia? Zangu zimechongwa, rangi nyeupe imetoka nusu.

MkerezajiKatwe
Kwanza hakikisha zimechongwa kweli: pitisha ukucha. Ukinasa, kina kipo. Usiponasa, ni alama ya leza au chapa tu na msasa wa kwanza utaifuta, kwa hiyo piga picha na upime ilivyo kabla hujaanza.

Zilizochongwa: chokonoa mabaki kwa kijiti cha meno na spiriti. Mabaki ya king'arisho yakibaki mle ndani rangi inatoka kama ganda la yai. Jaza rangi ya enameli kwa sindano au ncha ya kijiti, ijae na kupita kidogo. Rangi ya kucha pia inashika kwenye metali tupu. Subiri saa 24. Zungushia kitambaa kwenye kadi ngumu, lowesha spiriti kidogo sana, futa kwa kuvuka mchoro, si kwa kuufuata. Kitambaa laini bila kadi kinazama mle na kuinyonya rangi. Kwako wewe unayepaka rangi kichwa kizima, fanya hivi baada ya ile wiki moja, na badala ya spiriti futa kwa kitambaa kikavu rangi ya namba ikiwa bado laini, maana spiriti itabeba na rangi ya chini.

Corolla_Tororo
Changu kinacheza kwenye liva. Hesi za ndani zimekwisha kidogo. Nimeweka tepu ya mabomba, wiki moja kinacheza tena.

MkerezajiKatwe
Tepu ni ya kufikia nyumbani tu, inabonyea.

Kama hesi zimebaki zaidi ya nusu, gundi ya chuma ya mirija miwili. Paka liva rangi ya viatu ya nta koti jepesi, kila uzi, hiyo itazuia gundi isishike liva. Jaza gundi kidogo ndani ya tundu, safisha tundu kwa spiriti kwanza. Zungusha kichwa mahali pake, namba zikitazama sawa. Gundi ikishagoma kuacha alama ya ukucha lakini haijawa jiwe, rudisha robo mzunguko na urudi. Ukilala usingizi hapo, kichwa na liva vimeoana.

Kama hesi zimekwisha kabisa, ni koili ya hesi, yaani waya uliosokotwa kama springi unaoingia tunduni na kuwa hesi mpya. Kwa M12x1.25 toboa mm 12.3, kwa M10x1.5 mm 10.4, halafu tapu (kikata hesi za ndani) maalumu ya koili. Kwa kazi moja usinunue tapu, peleka kwa mkerezaji Katwe au popote ulipo penye kerezo, lakini nenda na stadi yako ya Subaru mkononi aijaribie pale pale.

Corolla_Tororo
Na baada ya koili namba zitakaa upande. Nati ya kubana sina.

MkerezajiKatwe
Washa nyembamba chini ya kichwa. Hesi ya 1.25 inapanda mm 1.25 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo robo mzunguko ni mm 0.31. Kichwa kikikaza huku namba zimepitiliza robo, washa ya mm 0.3 inakirudisha pale pale. Ya Honda robo ni 0.375. Bati la kopo la soda ni kama 0.1, kata pete tatu.

Corolla_Tororo
Pete tatu zimeingia. Namba zimenyooka.